Panya Waliokula Pikapu ya Kinyalumbi

Nafunga fundo, wenye kucha mtalifungua. Sogeeni basi, na mwenye mtoto amshike vizuri, maana ndani ya fundo hili kuna mtoto.

Katika kijiji cha Kinyalumbi, kule juu ambako ukungu hulala barabarani mpaka saa nne za asubuhi, waliishi watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni mzee Luvanda, mtega fuko. Mnawajua fuko, wale wanaovivuta viazi kwa chini, wewe ukingoja kuchimba unakuta shimo. Mzee huyu alikuwa na mkono usioogopa shimo. Mtu mwingine akiingiza mkono mahali asipopaona moyo humruka, yeye aliuzamisha mpaka kwapani huku anakuuliza habari za nyumbani. Mke alishamtangulia, mtoto hakuwahi kupata.

Wa pili ni Leokadia, fundi redio, mwanamke mwenye ulimi kama msumeno. Kipaji chake ni macho yasiyosahau njia. Akikifungua chombo mara moja tu, hata ukizikata nyaya zote ukazikoroga kama tambi, atazirudisha kila moja kwake. Alikuwa na paneli ya sola juu ya bati, na kijiji kizima kilimpelekea taa na simu kuchaji.

Wa tatu ni Kasiani, dereva wa pikapu, na pikapu yenyewe ilikuwa hiyo moja, ya ushirika wa wakulima wa viazi. Huyu aliijua barabara ya kushuka bondeni kwa makalio. "Nifungeni macho," alikuwa akijisifu kilabuni, "makalio yataniambia tumefika kona ipi." Watu walicheka mpaka ulanzi ukawatoka puani.

Na alikuwapo Twilumba. Yeye hakuwa na kipaji, labda kuogopa nako kuhesabiwe. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, kidato cha nne alimaliza, mume yuko mbali kwenye kazi ya mbao, na mtoto wao mmoja, Tegemea, alikuwa wa mwaka na miezi minne. Twilumba aliogopa radi, aliogopa kisima, aliogopa kuku jike mwenye vifaranga. Mtoto akilala, mama anaweka kiganja mbele ya pua yake, aone kama pumzi inatoka. Majirani walimtania, "Mama Tegemea, mwache mwenzio apumue, pumzi si deni hiyo." Naye anacheka, anaondoka, anarudi kuweka kiganja.

Sasa sikilizeni. Ilikuwa asubuhi, mvua inaingia wiki ya tatu, Twilumba anachambua maharage kwenye ungo, mtoto ameketi pembeni. Akageuka kuchochea kuni. Aligeuka tu, jamani, hata kuhesabu mpaka tano hufiki, akasikia kikohozi kimoja kikavu, halafu kimya, halafu akamwona mtoto amefumbua mdomo na hakuna sauti inayotoka, uso unageuka rangi, mikono inapiga hewa. Akamdaka, akamgeuza kichwa chini, akampiga mgongoni, akampiga tena, huku anapiga yowe ambalo yeye mwenyewe hakulisikia. Harage halikutoka. Ila mtoto alivuta hewa, na hewa ilipoingia ikapiga filimbi. Fiii. Akatoa, kimya. Akavuta. Fiii.

Twilumba alifika zahanati bila viatu, khanga moja imeanguka njiani. Muuguzi, mama mtu mzima aliyezoea mambo, aliweka sikio kifuani mwa mtoto, akalitoa polepole.

"Limekaa kwenye njia ya hewa," akasema. "Mshike wima hivyohivyo, usimlaze. Usimpe maji, usimnyonyeshe. Mimi hapa sina chombo cha kulitolea. Hospitali ya bondeni wanacho, mpira wenye taa na koleo ndogo."

"Atapona, dada? Niambie atapona."

"Mama Tegemea, wewe umewahi kuloweka maharage. Likikaa kwenye unyevu linavimba. Maadamu unasikia filimbi, kuna nafasi. Filimbi ikinyamaza..." Hakumalizia. Alichukua mwavuli wake akasema, "Twende kwa Kasiani."

Pikipiki zilikuwapo mbili, lakini mto Nyamvuu ulikuwa umefurika na pikipiki haivuki. Pikapu peke yake ndiyo yenye kimo cha kuuvuka. Na pikapu hiyo ilikuwa imesimama ndani ya ghala la viazi siku kumi na nne, kwa sababu viongozi wa ushirika walikataza isiguswe mpaka barabara ikauke.

Kasiani hakuuliza habari ya katazo. Aliisikia filimbi, akaingia, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Hata ule mlio mdogo wa betri kufa, hakuna. Akashuka, akafungua boneti.

Hapo, jamaa zangu, Twilumba alitamani ardhi immeze yeye na mtoto wake.

Juu ya injini palikuwa na kiota kikubwa kama kapu, cha nyasi, vipande vya magunia na vumbi la plastiki, na nyaya zilikuwa zimetafunwa mpaka shaba inang'aa. Mpira wa dizeli ulikuwa na tundu mbili. Na katikati ya uchafu huo yalikuwapo magunzi matupu, kumi na mawili, yamefungwa pamoja kwa utepe wa kitenge cha njano.

Kitenge kile kilikuwa chake.

Ngojeni niwaeleze. Kinyalumbi mahindi ya mbegu huning'inizwa juu ya meko, moshi uyapitie, mdudu asiyaguse. Mwaka huo paa la jiko la Twilumba lilikuwa linavuja, mume hayupo wa kuliezeka, mbegu zinaanza kuota ukungu. Akamlilia Kasiani, na Kasiani, mtu wa huruma na maneno mengi, akamwambia, "Shemeji, injini yangu nikiizima inabaki na joto mpaka jioni, ni meko tosha. Lete mbegu tuzilaze humo." Wakazilaza. Siku ya kwanza zilikauka vizuri, siku ya pili vizuri, siku ya tatu barabara ikafungwa, gari likasimama, na wote wawili wakasahau. Panya hawakusahau. Walimaliza mahindi, na walipoyamaliza, meno yao yakageukia gari.

Wakati huo Leokadia alikuwa ameshafika, yowe la Twilumba lilikuwa limewatoa watu wote nje. Akachungulia. "Mahindi ya nani haya?"

Twilumba alifungua mdomo. Ulimi uligoma.

"Yangu," akasema Kasiani.

"Wewe Kasiani! Unawapikia panya ndani ya gari la watu?"

"Nimesema yangu. Utanitukana kesho, leo mtoto analia filimbi."

Akanyoosha mkono auondoe uchafu. Kiota kikapumua. Kikapumua tena, kwa nguvu, hhhaaa, na magunzi yakasogea yenyewe. Kasiani aliruka nyuma akamkanyaga muuguzi. Panya wakishiba mahali, mwenye njaa ya panya naye huhamia, na aliyehamia pale alikuwa swila, mweusi, mnene kama mpini wa jembe, amejizungusha kwenye betri. Alipoinua kichwa na kutanua shingo, watu waliokuwa wamejaa mlangoni wakawa hawapo.

"Mchomeni!" akapiga kelele mmoja kutoka nje.

"Uchome na dizeli inavuja?" Leokadia akamjibu. "Njoo uchome wewe."

Fiii, akavuta mtoto. Fiii.

Basi mzee Luvanda akaja, kofia kichwani, habari za nyumbani mdomoni. "Mwanangu Twilumba, simama kule na mtoto. Huyu ni fuko mrefu tu." Akavua kofia, akaipeperusha mbele kwa mkono wa kushoto ili swila aitazame. Mkono wa kulia akauingiza kwa chini, kupitia kwenye gurudumu, pole, pole, anatafuta kwa vidole asichokiona. Swila akatema. Mate yakamwingia mzee jicho la kulia. Mwenye akili angeuchomoa mkono, kila mtu angemwelewa. Mzee alisema tu, "Aa, umenipata," na mkono ukazidi kupanda, mpaka ukaishika ile shingo kwa nyuma. Akamvuta yule nyoka kama anavuta mkanda wa suruali, akamtia guniani, akafunga gunia, ndipo akaketi chini, kiganja jichoni. Muuguzi alikimbilia maji. Twilumba, mtoto begani, filimbi sikioni, akapiga magoti, akatoa ziwa ambalo mtoto alikuwa amekatazwa, akalikamulia kwenye jicho la mzee. Yalitoka maziwa na machozi, hakujua yapi yalikuwa mengi. Jicho lile mpaka leo linatofautisha mchana na usiku, basi.

Basi Leokadia akainamia injini. Nyaya zilikuwa ishirini na moja na hakuna hata moja yenye rangi, panya walikuwa wamezivua nguo zote. "Nyamazeni," akasema, akafumba macho. Injini ile aliwahi kuiona mara moja, miaka mitatu nyuma, siku aliyolifungia gari redio. Akafumbua. "Huu wa stata. Huu wa betri. Hizi mbili za kufungulia dizeli. Za taa, acha. Za waipa, acha. Za honi, acha."

"Leokadia, nje kuna ukungu! Na mvua!" Kasiani akalia.

"Muda nilionao ni wa nyaya za kuwasha gari au wa nyaya za kuonea. Chagua."

Fiii, ikasema filimbi, nyembamba kidogo kuliko mwanzo, na Kasiani akatambaa chini ya gari.

Lakini waya wa stata ulikuwa umeliwa kipande cha mkono mzima, na ghalani hapakuwa na waya. Leokadia akatoka mbio. Aliporudi alikuwa na waya mnene wa sola shingoni, na damu kwenye kiganja. Watu ndio waliokuja kusimulia baadaye, kwamba alipanda bati lililolowa akauvuta ule waya kwa pupa, paneli ikamfuata, ikaanguka juu ya jiwe na kupasuka kama yai. Riziki yake hiyo, chini, kwenye tope. Yeye akaunga, akafunga kila kiungo kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, anakata kwa meno, anafunga, anakata.

Basi Kasiani naye alikuwa chini ya gari. Alikata mpira wa bomba la kunyunyizia dawa ya viazi, akautoa ule wa dizeli wenye tundu, akauchomeka huu, akaukaza kwa waya wa kufungia magunia. Akavuta dizeli kwa mdomo mpaka ikamjaa, akatema, akatapika, akavuta tena. Akaingia, akazungusha ufunguo. Gari likakohoa. Likakohoa. Likawaka. Mtu wa ushirika alikuwa amesimama mlangoni, akamwambia wazi, "Kasiani, ukilitoa hili gari leo, kesho usije kazini." Kasiani akamwambia, "Basi tuagane kabisa, maana kesho nitakuwa nimelala." Akamvuta Twilumba na mtoto ndani, mzee Luvanda akapandishwa nyuma, muuguzi kamshika, Leokadia akapiga bati la gari kwa kiganja chenye damu, wakatoka.

Nje palikuwa kama ndani ya pamba. Kioo cha mbele kilijaa maji na hakuna waipa ya kuyafuta, Kasiani alitoa kichwa dirishani, mvua inampiga machoni, na hata huko hakuona kitu. Upande wa kulia kulikuwa na mlima. Upande wa kushoto hakukuwa na kitu kabisa, Twilumba alikuwa upande huo.

"Unaona, shemeji?" Twilumba akauliza.

"Sioni."

"Unaendaje sasa?"

"Nimekaa," akasema Kasiani, na safari hii hakuna aliyecheka. Gari linaruka jiwe, yeye anasema, "Hapo kwa Mwalongo," anakata usukani. Linazama shimo, anasema, "Kalvati," anakata tena. Twilumba alifumba macho, akabaki na sikio tu. Fiii. Fiii. Kila filimbi ikichelewa, roho yake nayo inachelewa.

Wakafika Nyamvuu. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa na yananguruma, na gari lilipoingia, yakapanda mpaka mlangoni, yakaingia miguuni, na ngurumo ikaijaza kabini yote. Hapo ndipo ilipomjia hofu ambayo hajawahi kuisimulia kwa mtu. Hakuisikia tena filimbi. Hakujua kama ni mto unaoifunika au ni filimbi yenyewe iliyonyamaza. Akaweka kiganja mbele ya pua ya mtoto, lakini kiganja kilikuwa kimelowa na kimekufa ganzi kwa baridi, hakikumwambia kitu. Mto mzima ulikuwa hivyo. Mungu akitaka kumwonyesha mtu urefu wa dakika, amweke pale.

Gari likapanda ng'ambo, ngurumo ikabaki nyuma, na chini ya mlio wa injini, mbali kama kinda la ndege, fiii.

Daktari alilitoa harage mchana huo. Lilikuwa limepasuka ganda na kunenepa kama ncha ya kidole gumba. Alilitazama, akamtazama mama, akasema, "Saa moja zaidi nisingekuwa na kazi ya kufanya." Akalifunga kwenye pamba akampa.

Mmeona, mtoto amepona. Mkadhani fundo limefunguka. Sasa ndiyo linakazwa.

Kinyalumbi mtoto aliyerudishwa kutoka kwenye njia ya kwenda kaburini hupewa jina jipya, jina la yule aliyemrudisha. Na jina si salamu. Mtoto mwenye jina lako ndiye atakayekuchotea maji ukizeeka, ndiye atakayetupa konzi ya kwanza ya udongo siku utakapolazwa, ndiye atakayekufanya usisahaulike. Jina ni moja. Majina matatu, wanasema, ni sawa na hakuna, kila mmoja atamwachia mwenzake kuchota maji. Na anayechagua ni mama. Hasemi neno, anachota togwa kwa kata na kumpelekea mtu mmoja mbele ya watu, basi imekwisha.

Watu wakakusanyika uwanjani kwa Twilumba, mume wake karudi, jua kali siku hiyo. Wale watatu wakaketi kwenye mkeka mmoja.

"Mimi sitaki ugomvi," akaanza mzee Luvanda, jicho limefungwa kitambaa. "Nasema tu, bila mkono wangu, nani angeigusa hiyo injini? Nami sina wa kunitupia udongo."

"Shikamoo yako mzee iko palepale," akasema Leokadia, "lakini ungemtoa nyoka, gari lingebaki bubu. Mngemsukuma mtoto mpaka hospitali? Paneli yangu iko wapi?"

"Mtoto wa kike huyu," mtu akachomeka, "Luvanda si jina la kike."

"Jina halivai sketi wala suruali!" wanawake wakamjibu kwa pamoja, na watu wakacheka.

Kasiani alikuwa anapangusa vumbi la viazi begani. Siku hizi anabeba mgongoni magunia ya viazi aliyokuwa akiyasafirisha kwa gari. Mzee mmoja akamgeukia. "Na wewe umekaa hapo kwa lipi? Uliyelisha panya ndiwe uliyemlisha nyoka. Ungeweka mbegu zako kwenye meko kama watu, mzee wa watu angekuwa na macho mawili. Shuka mkekani."

Kasiani akainama, akatazama vidole vyake vya miguu. Hakumtazama Twilumba. Angemtazama, hata mara moja, ingekuwa rahisi kidogo.

Twilumba amesimama na kata, imejaa mpaka ukingoni. Akisema mahindi yalikuwa yake, Kasiani anabaki mkekani na heshima yake, lakini jicho la mzee na paneli ya Leokadia vinamgeukia yeye, na katika kijiji hiki ndimo atakamozeekea. Akinyamaza, anabaki na wawili wa kuchagua badala ya watatu, na mmoja anashuka mkekani kwa kosa walilofanya wawili. Akimpa Luvanda, amelipa jicho. Akimpa Leokadia, amelipa mkono uliojua, na riziki. Akimpa Kasiani, watu watauliza kwa nini, na swali hilo lina jibu moja. Wote watatu walimbeba mtoto yuleyule. Mmoja angekosekana, wale wawili wangekuwa wamesimama ghalani wanaisikiliza filimbi ikiisha.

Mtoto amelala mgongoni mwake, anapumua kimya, kama watoto wote. Mume anamwambia kwa macho, chagua. Yule mzee anarudia, "Shuka, Kasiani," na Kasiani ameshaanza kuinuka.

Haya, ninyi mlioketi hapa na mikono mikavu. Kata mmeshika ninyi, togwa inamwagika. Mdomo mngeufungua au mngeufumba? Na jina, mngempelekea nani?